Mfuko wa Uzi wa Pinki

Bibi alianguka mara ya tatu akitafuta mkasi ambao alikuwa ameushika mkononi.

Nilikuwa nimeinamia cherehani, naunga mkono wa sare ya shule. Nikasikia kiti kinasogea, halafu kishindo, halafu kimya. Nilipogeuka nilimkuta amelala ubavu chini ya meza ya kukatia, gauni limempanda magotini, mkasi kaukumbatia kifuani. Namshukuru Mungu ulikuwa umefungwa. Nilimwinua nikamkalisha, nikamfuta chaki shavuni. Akaniangalia kama unavyomwangalia mteja ambaye hujapata kumshonea.

"Wewe binti wa nani?" akaniuliza.

Kuanguka kwake nilishaanza kuzoea. Hilo swali lilinimaliza. Huyu ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Ndiye aliyenifundisha kutunga uzi kwenye sindano nikiwa na miaka kumi na moja, na akanipiga kidole kila nilipoulamba uzi zaidi ya mara moja. Leo ananiuliza mimi binti wa nani.

Mtaa mzima unamwita Bibi Pindo, kwa sababu hakuna anayekunja pindo kama yeye. Geuza nguo yake ndani nje, utatafuta uzi ulipopita mpaka uchoke. Mimi aliniita Kimya, na jina likanishika, maana mbele za watu maneno hunikimbia. Shule niliacha darasa la tano. Kusoma najua, lakini polepole, na mtu akinisimamia kichwani hata hiyo polepole inapotea.

Miezi mitatu kabla ya hapo Bibi alikuwa mzima. Alikuwa na presha, ndiyo, lakini presha yenyewe walishazoeana kama majirani. Asubuhi anafagia baraza, anafungua mlango wa chumba cha kushonea, anaanza kuwasema mafundi wengine. "Kazi ya kulipua hiyo," angesema akiona mtu anapita na suruali iliyovuta kiunoni. Halafu, taratibu, akaanza kulala kwenye kiti. Akisimama anashika ukuta. Ukimwita haitiki, ukimuuliza hili anajibu lile. Sindano ikawa inakaa mkononi mwake saa nzima bila kuingia kwenye kitambaa.

Kila niliyemwambia alinipa jibu moja. "Uzee huo, mwanangu. Uzee hauna dawa."

Siku ile ya mkasi, mteja alisimama mlangoni kabla sijamaliza kumpa Bibi maji. Alikuwa yule nesi wa kiume tunayemwita Nguzo, mrefu mpaka kila suruali anayonunua lazima tuishushe pindo. Alikuja kuchukua ya buluu. Hakuichukua. Alipiga magoti sakafuni, akamtazama Bibi macho, akamgusa nyonga na viganja, akamwambia avute pumzi.

"Ameanza lini hivi?"

Nikamwonyesha vidole vitatu.

"Siku tatu?"

"Miezi," nikasema.

"Na mmekaa naye tu?"

"Wanasema uzee."

Nguzo akatikisa kichwa. "Uzee hauji kwa miezi mitatu, dada yangu. Uzee una adabu, unabisha hodi miaka. Kinachoingia kwa kishindo hivi ni kitu kingine. Jumatano mlete. Tuna kliniki ya wazee peke yao. Na lete kila anachomeza, hata kama ni majani, hata kama ni pipi. Usichague wewe, tutachagua sisi."

Nilifurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa na mguu mmoja. Kabla hata sijampa Bibi maji, nilikuwa nimeshampigia Mjomba.

Mjomba ni mtoto pekee wa Bibi aliyebaki. Ni msimamizi wa ghala, anaishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Sitaki mtu amfikirie vibaya. Kila mwisho wa mwezi alitutumia kifurushi cha dawa, kwa sababu aliwahi kukuta dirisha la dawa la hospitali yetu limefungwa, akaapa mama yake hatakosa dawa ya presha yeye akiwa hai. Nilipomwambia kuhusu swali la Bibi, akasema, "Nakuja kumchukua."

Jumanne jioni alifika na sanduku tupu.

"Nimeshapata dada wa kumwangalia," aliniambia tukiwa jikoni. "Chumba kipo, uani. Hakuna ngazi, hakuna mikasi. Wewe utabaki hapa na cherehani, utajitegemea. Umri wako huu huwezi kufungwa na mgonjwa."

"Sijafungwa, Mjomba."

"Alikuuliza wewe nani, Kimya."

Bibi alikuwa amesinzia upande wa pili wa pazia. Nilijua kitu kimoja tu: nyumba hii aliijenga mwenyewe kwa sindano, na watu wote wanaomjua wako ndani ya mtaa huu. Akipelekwa kwenye chumba cha uani, mahali ambapo hakuna anayejua kwa nini anaitwa Bibi Pindo, hatarudi. Hata akili yake haitarudi, maana itarudi wapi?

"Kesho kuna kliniki," nikasema. "Ya wazee. Nguzo ameandika jina lake."

Mjomba alinitazama. Nadhani ilikuwa sentensi yangu ndefu kuliko zote mwaka ule.

"Haya. Jumatano kliniki, Alhamisi safari. Wasije wakasema sikumtibu mama."

Usiku huo huo nilikunja kitambaa changu cha dawa nikakitia kwenye mkoba. Nieleze hicho kitambaa, kwa sababu ndicho kilicholeta yote.

Sisi mafundi hatuandiki jina la mteja. Tunafunga kipande cha kitambaa chake kwenye kazi yake, na rangi ya kipande ndiyo jina. Mwenye kijani anachukua kijani. Kwa hiyo dawa za Bibi zilipofika mbili, tangu alipokuwa mzima, nilimshonea kitambaa chenye mifuko, na kila mfuko nikauzungushia uzi wa rangi ya kidonge chake. Mfuko wa uzi mweupe, dawa ya presha. Mfuko wa uzi mwekundu, dawa ya kuongeza damu. Baadaye Mjomba akaleta vidonge vidogo vya njano vya kumsaidia Bibi kulala, nikashona mfuko wa njano. Halafu siku moja kwenye dirisha la hospitali, ambako kila mara nilipewa vyeupe na vyekundu, walinipa paketi ya vidonge vya pinki. Sikuuliza. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na mtu wa dirishani alikuwa ameshaita namba nyingine. Nilirudi nyumbani, nikatafuta uzi wa pinki, nikashona mfuko wa nne. Mshono wake ulikuwa mzuri, nakumbuka nilijisifu.

Chumba cha kliniki ya wazee kilikuwa mwisho wa korido, mlango mpana, na ukutani wameweka bomba la kushika toka mlangoni mpaka chooni. Viti vyake virefu, vina mikono, hata mtu mwenye magoti mabovu anajinyanyua bila kuomba. Hakuna aliyepaza jina la mtu. Nguzo alimfuata kila mzee pale alipokaa, anainama, anamwambia sikioni, "Zamu yako, mama." Wazee wenyewe walikuwa wamechangamka kuliko vijana wa korido nyingine. Mzee mmoja alikuwa anamtania mwenzake kwamba amekuja kupimwa mbio.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mvi zimemwanzia mbele, kavaa raba. Alitoka nyuma ya meza, akavuta kigoda, akakaa magoti kwa magoti na Bibi.

"Shikamoo, mama."

Bibi alitabasamu tu.

"Hasikii vizuri," Mjomba akadakia. "Na kumbukumbu imekwenda. Anaitwa..."

"Ahsante, baba. Naomba nimsikie yeye kwanza."

"Utasubiri sana, daktari."

"Leo nina wagonjwa sita tu. Nina muda."

Sijawahi kumsikia daktari akisema ana muda. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani, nikaanza kumpenda.

Alimvua Bibi viatu. Akatazama nyayo, akamkata kucha moja iliyokuwa imeingia kwenye nyama, na Bibi hakuruka, alishusha pumzi tu. Mimi nilikuwa namwosha miguu kila siku na sikuiona ile kucha. Kisha akachungulia masikio kwa tochi ndogo, akamwita Nguzo. Wakamfunga Bibi taulo mabegani, Nguzo akachukua bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, akawa anasukuma maji ya vuguvugu sikioni taratibu, na beseni limekaa chini ya taya. Kilichotoka sitaki kukieleza. Itoshe kusema ungeweza kuzibia chupa.

Nguzo, kwa mazoea ya kazi yake, akainama akapaza sauti, "MAMA! UNANISIKIA SASA?"

Bibi akaruka kwenye kiti. "Baba, mbona unanipigia kelele? Nimekuibia?"

Daktari alicheka mpaka akashika mguu wa kigoda. Hata Mjomba alicheka, kisha akageuka ukutani, akawa anafuta miwani ambayo haikuwa na kitu.

Lakini Bibi alikuwa bado mzito. Alijibu maneno mawili, akasinzia. Daktari akamlaza kitandani, akampima presha. Akamsimamisha, akampima tena papo hapo, na mimi niliona uso wa Bibi unapoteza rangi na Nguzo anamdaka kiunoni. Daktari alitazama mashine, akaandika, akanigeukia.

"Wewe ndiye unayempa dawa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Umezileta?"

Nilitoa kitambaa. Nilikitandaza mezani kama mtu anayevuliwa nguo. Nilifikiri watacheka, kitambaa cha matambara kwenye meza ya daktari. Yeye akakishika kwa vidole viwili, akakigeuza nyuma kutazama mishono.

"Umeshona wewe?"

"Ndiyo."

"Nguzo, njoo uone. Watu wanalipia maboksi ya plastiki kutoka mbali, kumbe kuna hiki." Akapitisha kidole mfuko kwa mfuko. "Nieleze. Kila rangi na kazi yake."

Nikaeleza. Sauti ilianza ndogo, lakini hakunikatiza hata mara moja. Nyeupe asubuhi. Nyekundu baada ya kula. Njano wakati wa kulala. Pinki asubuhi.

"Nyeupe asubuhi na pinki asubuhi?"

"Ndiyo."

"Paketi zake unazo?"

Nilikuwa nazo, zimefungwa na mpira. Akaziweka mbili mezani, ya vidonge vyeupe na ya pinki, akazisogeza mbele yangu. Majina makubwa yalikuwa mbalimbali kabisa.

"Sasa tazama chini ya jina kubwa. Herufi ndogo. Nisomee ya hapa, halafu ya hapa."

Mjomba akasema, "Daktari, huyu shule hakumaliza. Nisome mimi."

"Wewe huwi naye asubuhi, baba. Asome yeye. Hatuna haraka."

Nilisoma. Nilisoma herufi moja moja, kama mtu anayevuka matope kwa kuruka jiwe hadi jiwe. Nilikosea, nikarudi. Nguzo alijifanya anapanga glavu ili asinitazame, na jambo hilo sitalisahau. Nikamaliza paketi ya kwanza. Nikaanza ya pili. Nilipofika katikati niliacha kusoma, kwa sababu kidole changu kilikuwa kimeshajua.

"Ni neno moja," nikasema.

"Ni neno moja," akasema daktari. "Dawa moja. Viwanda viwili, rangi mbili. Anakunywa dawa ya presha maradufu kila siku. Akisimama, damu inashuka yote miguuni na kichwa kinabaki kitupu. Ndiyo maana anaanguka."

Nilitaka sakafu ifunguke. Miezi mitatu. Mimi ndiye niliyekuwa namwangusha, kila asubuhi, kwa mkono wangu, na glasi ya maji.

"Kimya!" Mjomba alisimama. "Ulikuwa unampa mama dawa mara mbili?"

"Kaa, baba," daktari akasema, bila ukali. "Hizi za pinki zimetoka dirishani kwetu. Hizi nyeupe zimetoka wapi?"

Mjomba akakaa. "Nazituma mimi. Kutoka duka la dawa la kule. Nilikuwa na paketi ya zamani, nikawa nawaonyesha."

"Na hizi za njano?"

Mjomba akavua miwani, akaivaa tena.

"Na hizo," Mjomba akasema. "Nilisikia ni za mafua lakini zinaleta usingizi mzuri. Mimi mwenyewe huwa nameza."

"Wewe una miaka arobaini na ngapi sijui. Mwili wa mama yako hauzitoi haraka kama wako. Zinakaa, zinamchanganya akili. Kijana anapata usingizi, mzee anapoteza jina la mjukuu wake."

Machozi yalikuwa yananidondokea kwenye kitambaa. Daktari akasogeza kigoda chake mbele yangu, magoti kwa magoti, kama alivyokaa na Bibi.

"Nisikilize, binti yangu. Mtu wa dirishani alikubadilishia rangi, hakukuambia neno. Hilo ni letu, na leo mchana nakwenda kulisema. Mjomba wako alituma dawa kwa mapenzi, hakumwambia mtu. Wewe ulifanya vile ulivyofundishwa, kila rangi na mwenyewe. Katika sisi wote, wewe peke yako ndiye uliyeweka kila kitu mahali pamoja ambapo kinaonekana. Ungeniletea vidonge kwenye mfuko wa nailoni vimechanganyika, nisingejua kamwe."

Akachukua karatasi, akaliandika lile neno la herufi ndogo kwa herufi kubwa, nikalisoma mpaka nikalisema bila kusimama. Akaniambia kila paketi mpya nitafute neno chini ya jina, na rangi iwe ya mwisho. Nikaomba mkasi. Nikafumua mfuko mweupe na mfuko wa njano pale pale, uzi kwa uzi.

Daktari akamgeukia Bibi, aliyekuwa amefungua macho. "Mama, wewe unataka nini? Tukusaidie nini hasa?"

"Apone," Mjomba akasema.

"Nimemuuliza mama."

Bibi alifikiri. Ilichukua muda, na hakuna aliyemmalizia. "Nataka kwenda chooni mwenyewe," akasema. "Nimechoka kusindikizwa kama bibi harusi. Na nataka kukaa kwangu."

Daktari akamwambia Mjomba kwamba mzee aliyechanganyikiwa ukimhamisha nyumba unamzidishia, na akaomba wiki mbili. Mjomba alitazama sakafu, akatazama miguu ya mama yake iliyokatwa kucha.

"Wiki mbili," akasema. "Lakini akianguka tena, hata mara moja, namchukua. Kimya, unanisikia? Na usinifiche."

"Sitakuficha."

Mjomba alirudi kazini na sanduku lake tupu. Mimi nikahesabu siku.

Siku tatu za kwanza hakuna kilichobadilika, isipokuwa alilala mchana na usiku, nikafikiri yote yamekuwa bure. Siku ya nne aliniuliza kwa nini chai haina sukari. Nilikuwa nampa chai ile ile mwezi mzima. Siku ya sita aliomba mto awekewe mgongoni, akakaa karibu na cherehani akinitazama nikishona. Nikahisi shingo inawaka.

"Hiyo kola," akasema.

"Ina nini, Bibi?"

"Inatazama upande. Mwenye shati amepooza?"

Nilifumua kola nzima, na sijawahi kufumua kazi kwa raha namna ile.

Siku ya saba alisimama kama Nguzo alivyomfundisha: kaa ukingoni, chezesha vidole vya miguu, hesabu mpaka kumi, ndipo unyanyuke. Alihesabu kwa sauti. Akifika saba ananitania, "Sita, saba, mke mwenzangu ananitazama, nane." Akaenda chooni. Nilimfuata hatua mbili nyuma. Akafunga mlango usoni kwangu.

Siku ya tisa ndipo nilipoogopa. Mteja alibisha, Bibi akaharakisha kunyanyuka bila kuhesabu. Akapepesuka. Akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili, goti moja likagusa chini. Likagusa, akainuka. Haikuchukua muda wa kupiga chafya. Mteja hata hakuona.

Nilikaa na jambo hilo mchana kutwa. Kuanguka ni nini? Mtu akishika mlango, ameanguka? Goti moja ni nusu? Nilijua nikinyamaza hakuna atakayejua, na kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko kushona. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulikuwa tumeshaumbuliwa mara moja kwa sababu kila mtu alifanya lake bila kumwambia mwenzake. Saa kumi jioni nilichukua simu.

"Mjomba," nikasema, "goti limegusa chini."

"Ameanguka?"

"Alishika mlango. Goti moja. Hakuhesabu."

Alivuta pumzi. "Tulikubaliana, Kimya. Kesho kutwa..."

Simu ikachukuliwa sikioni kwangu. Sikumsikia Bibi akija. Alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika ukingo wa meza, tepu ya kupimia inaning'inia shingoni.

"Ndiyo, ni mimi," akasema kwenye simu. "Nasikia vizuri, usipaze sauti. Nani kakuambia nimeanguka? ... Nilipiga goti. Mwanangu, wewe ulipiga magoti mpaka una miaka miwili na nusu, nilikuhamisha nyumba? ... Hapana, nisikilize. Yule mtoto angeweza kuficha, hakuficha. Mtu kama huyo unamwacha peke yake unanipeleka kwa dada nisiyemjua? Dada mwenyewe anajua ninakunywa nini? ... Haya. Kliniki ni Jumatano. Njoo na macho yako."

Akanirudishia simu. Mjomba alikuwa bado hewani. Nilisikia anapenga kamasi.

"Kimya," akasema. "Huyo ni mama."

"Ndiyo."

"Huyo ndiye mama yangu kabisa."

Jumatano alikuja moja kwa moja hospitali, mikono mitupu. Bibi alivaa gauni la pindo jipya, kakunja mwenyewe, jicho moja karibu ligusane na sindano. Nguzo alipomwona anaingia kwa miguu yake, mkono mmoja kwenye bomba la ukutani, alisimama wima.

"Karibu, mama."

"Ahsante. Leo umeshusha sauti, umekua. Ile suruali yako ya buluu ipo tayari siku nyingi, au siku hizi unatembea na pindo la mkopo?"

Daktari alimlaza akampima, akamsimamisha akampima. Aliniita nione namba. Zilikuwa karibu sawa, kulala na kusimama. Nilitaka kumshukuru. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nilikuwa hata na maneno ya kwanza. Yote yakakimbia. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikabaki nimeushika, na yeye hakuuondoa.

"Sasa," daktari akasema, akikaa kwenye kigoda, "leo tuzungumze kuhusu macho, na..."

Bibi akainua kiganja.

"Kimya, mjukuu wangu. Na wewe, baba. Tupisheni kidogo. Nina mambo yangu na daktari."

Mjomba alifungua mdomo. "Mama, sisi ndio tuna..."

"Nyie ndio mnatoka. Mlango uvutwe mpaka mwisho."

Tulitoka. Tukakaa kwenye benchi la korido, mimi na mkoba wangu, yeye na mikono yake isiyo na kazi. Tulisikia sauti ya Bibi ikishuka na kupanda nyuma ya mlango, na sauti ya daktari ikiuliza, halafu wote wawili wakacheka kicheko kirefu cha wanawake.

Mjomba akatoa simu, akatafuta namba. "Dada? Ni mimi. Samahani, ile kazi ya kumwangalia mama haipo tena." Akasikiliza. "Hapana, hapana, yuko hai. Yuko hai sana. Amekataa tu."

Akaiweka simu mfukoni. Baada ya muda akanisogelea.

"Wanaongea nini muda wote huo?"

"Sijui, Mjomba."

"Hutaki kusikiliza?"

"Ametutoa," nikasema.

Akaegemea ukuta, akafumba macho, akawa anatabasamu peke yake. Ndani kicheko kilianza tena. Walichokuwa wakizungumza sikukijua siku ile, na sijakijua mpaka leo. Bibi ana siri zake tena, nami nashukuru.